Kuwa na Nyota, Kuwa Nyota

Kila mji wenye ndondi una wazee wanaokaa kando ya mazoezi na kuhukumu. Kijana akirusha konde la kushoto, likarudi kabla jicho halijalifuata, mmoja wao atasema: "Huyu ana nyota." Wenzake watanyamaza kidogo, kisha mwingine atauliza: "Ana nyota, sawa. Lakini atakuwa nyota?"

Kuwa na nyota na kuwa nyota: kauli hizo mbili zinatenganishwa na silabi moja tu, *na*. Mwenye nyota amezaliwa nayo. Ni lugha ya wanajimu, ya bahati inayoweza kufifia, kuchafuliwa, hata kusafishwa kwa malipo. Aliye nyota ni mwingine: jina lake linasikika redioni, watu wanamtambua sokoni. Nyota ya kwanza haihitaji shahidi, ya pili bila shahidi haipo. Na sisi, tunapomtazama chipukizi na kuuliza kama anacho kinachohitajika, tunaipekua miguu yake, mabega yake na macho yake kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko wa koti. Tunaamini jibu limo humo tayari, ila hatujalishika. Mimi siamini hivyo, na kinachonizuia kuamini ni lugha yenyewe ninayoandikia.

Namfikiria kijana wa Muyinga mwenye miaka 17. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri kukimbia vilima vya kaskazini-mashariki mwa Burundi, ambako hewa ni nyembamba na mapafu hufundishwa kwa lazima. Akirudi, anapiga gunia la mchanga na matambara lililoning'inizwa kwenye mparachichi. Simpi jina, kwa sababu vijana wa namna hiyo ni wengi. Yuko Muyinga, yuko Gitega, yuko ng'ambo ya mpaka wa Kobero kule Ngara. Wazee wamekwisha kumwona. Wanasema anacho.

Sasa sikiliza Kiswahili kinavyosema "anacho". Hatuna, katika maneno ya kila siku, kitenzi kimoja cha kushika mali mkononi. Tunasema *nina*, yaani mimi pamoja na. Nina kalamu: niko na kalamu. Nina homa: homa iko nami. Ni *na* ileile tunayotumia kusema nilikuwa na mama, nilikwenda na rafiki. Kwa hiyo anayesema kijana huyu ana kipaji amesema kwamba yuko na kipaji, wamefuatana. Na wanaofuatana wanaweza kuachana njiani. Kinachoitwa kumiliki, kwetu, ni ujirani.

Tazama pia kitenzi cha ulingoni. Kijana wa Muyinga *anapiga* gunia. Bado *hapigani*. Kupigana kunahitaji wawili, na ulingoni kitenzi hicho hakibaki na mtu mmoja. Gunia halikwepi, halidanganyi kwa bega, halingoji uchoke ndipo likushambulie. Mtu anaweza kupiga gunia miaka kumi akawa hodari wa kupiga, na swali letu likabaki palepale lilipokuwa siku ya kwanza.

John Mugabi wa Uganda anatufaa hapa. Alitoka Moscow mwaka 1980 na medali ya fedha ya Olimpiki, akaingia ngumi za kulipwa, akashinda mapambano 25, yote 25 kwa kuwaangusha wapinzani. Walimwita Mnyama. Nani angethubutu kusema hana kinachohitajika? Tarehe 10 Machi 1986, Las Vegas, alikutana na Marvin Hagler. Walichapana hadi raundi ya 11, ndipo Mugabi akaanguka. Kushindwa kwake kunanigusa, lakini linalonishughulisha zaidi ni kwamba yale mapambano 25 hayakuweza kumwambia mtu yeyote, hata Mugabi mwenyewe, angefanya nini mbele ya mtu anayepokea makonde yake mazito na kuendelea kusonga mbele. Jambo hilo halikuwa limefichwa ndani yake. Lilikuwa bado halijatokea duniani.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu. Watasema lilikuwamo, pambano lililifichua tu, kama moto unavyofichua dhahabu. Lakini dhahabu hutoka motoni ikiwa dhahabu ileile. Bondia hatoki hivyo. Anachoweza kufanya raundi ya saba kimeumbwa na alichofanyiwa raundi ya sita. Wengine watamleta Aristotle, aliyetenganisha kinachoweza kuwa na kilichokwisha kuwa, na mfano wa mbegu utafuata: mche wa kahawa tayari umo ndani ya punje. Mfano huo ni mzuri kwa kahawa ya Gitega, kwa bondia haufai. Udongo hautaki mbegu ishindwe. Mpinzani anataka hasa hilo, amelifanyia mazoezi miezi mitatu, na ni katika kulitaka kwake ndipo mwenzake anapopata umbo. Sijui uhusiano mwingine wa kibinadamu ambamo anayetaka kukuvunja ndiye anayekutengeneza kwa kiasi hicho.

Mifano ya kuonyesha tofauti ya kupimwa na kusifiwa haiko mbali. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham Septemba 2018 kama mbadala, mtu wa kuziba nafasi, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili. Miaka minne baadaye, Liverpool, Liam Smith alimsimamisha yeye raundi ya nne. Mashabiki wetu waliuliza: basi ni yupi Mwakinyo wa kweli? Wote wawili ni wa kweli. Kila mmoja alikuwa *na* mtu tofauti.

Burundi ina kisa chake, na si cha ndondi. Vénuste Niyongabo alikwenda Atlanta mwaka 1996, Olimpiki ya kwanza ya nchi hii, akitajwa miongoni mwa wenye nafasi kubwa katika mita 1,500. Nafasi yake alimwachia Dieudonné Kwizera, mkimbiaji aliyekosa michezo ya 1988 na 1992 kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki, na aliyepigania ipatikane. Niyongabo akahamia mita 5,000, masafa ambayo alikuwa na uzoefu mdogo nayo. Tarehe 3 Agosti alishinda dhahabu kwa dakika 13, sekunde 7 na nukta 96, huku Paul Bitok wa Kenya akiwa nyuma yake kwa moja ya tano ya sekunde. Kwizera hakufika fainali ya 1,500. Niambie sasa: dhahabu hiyo ilikuwa ndani ya nani? Ilikuwa miguuni mwa Niyongabo, hakuna ubishi. Ilikuwa pia katika miaka ya kungoja ya Kwizera, na katika hatua za Bitok, ambaye hakumruhusu Niyongabo kulegea.

Kirundi kinakiita kipaji *ingabire*, neno linalotokana na kugaba, kutoa, tendo lilelile la mtu kumgabira mwenzake ng'ombe. Aliyepewa ng'ombe zamani hakupewa mali tu. Aliingia katika uhusiano, na mtoaji hakutoweka kwa sababu kamba imebadilisha mkono. Naona neno hilo linajua mambo ambayo wazee wa kando ya ulingo wanayasahau. Kipaji kimetoka kwa mtu na kinaelekea kwa watu.

Kwa hiyo wakiniuliza kuhusu kijana wa Muyinga, nami nitawauliza: yuko na nani? Ana mwenza wa mazoezi wa uzito wake, au anapigana na mdogo wake anayemwogopa? Ana kocha anayeweza kumwambia hapana? Glovu ni zake, au ni jozi moja inayozunguka klabu nzima ikiwa imelowa jasho la wenzake? Mcheza kwao hutunzwa, ndiyo, na Muyinga watamtunza. Lakini makofi ya nyumbani hayarudishi konde. Lazima apande gari, apite Karuzi, ashuke Gitega, akutane na mwingine ambaye naye wazee wake wamesema anacho.

Burundi ilipokwenda Tokyo mwaka 2021, mmoja wa wawili waliobeba bendera yake alikuwa bondia, Ornella Havyarimana, wa uzito wa kilo 51. Hakurudi na medali. Wapo waliopima safari ile kwa medali peke yake, na mimi naona wamekosea. Binti anayepiga gunia leo Gitega anapiga akiwa na mtu mbele yake ambaye hakuwapo zamani. Hilo limeingia katika "anacho" chake, ingawa hakuna kocha atakayeliona akimpima mabega.

Ngoma nazo zinalijua hilo. Kilomita chache kutoka Gitega, huko Gishora, wapiga ngoma husimama nusu duara kuizunguka ngoma ya kati, inkiranya. Mmoja huingia katikati, huruka, huipiga, macho yote yanamfuata, kisha hurudi pembeni na mwingine huingia. Anayeruka katikati anaruka juu ya mdundo wa walio pembeni. Wakinyamaza, ataonekana mtu anayerukaruka uwanjani. 

Hadi hapa nimesema kana kwamba kuwa na watu ni heri tupu. Sivyo. Bondia Robert Wangila wa Kenya alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, baada ya kumwangusha mpinzani wake katika raundi ya pili ya fainali. Alikuwa nacho, na alikuwa nyota. Julai 1994, Las Vegas, alikufa kwa majeraha ya pambano, akiwa na miaka 26. Tunapouliza kama kijana ana kinachohitajika, tunasahau kuwa kinachohitajika hulipwa na mwili wake, si wetu tuliokaa kando. Kabla kijana wa Muyinga hajapanda gari la alfajiri, nataka kujua nani anafuatana naye, na kama mtu huyo, raundi ya tisa, kijana akiwa bado amesimama na umati unapiga kelele aendelee, atakuwa na taulo mkononi na moyo wa kulirusha.