Umri wa Hukumu
(Hesabu 14:29–31)

Wana wa Israeli waliponung'unika, Mungu aliwahukumu. Lakini katika hukumu ile aliweka mpaka. Wenye miaka 20 na zaidi wangeanguka jangwani. Wadogo wangeingia katika nchi. Musa aeleza sababu katika Kumbukumbu la Torati 1:39: hao walikuwa hawajajua mema na mabaya. Nao walionja taabu ya jangwa miaka 40, walakini mlango wa nchi haukufungwa mbele yao.

Wazee wa Unyakyusa nao waliujua mpaka huu. Mvulana wa miaka 10 au 11 alitoka kwa wazazi, akajenga kibanda pamoja na wenzi wa rika lake. Lakini alikula chakula cha mama, akalima shamba la baba. Kibanda hakikumfanya kuwa mtu mzima. Nchi walikabidhiwa baadaye, katika ubusoka, rika lilipokomaa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, wala asihukumiwe kifungo. Aweza kupelekwa katika shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Hata hivyo, katika Tanzania Bara mtoto wa miaka 10 aweza kushtakiwa, ingawa kabla ya miaka 12 ni lazima ithibitishwe kwamba alijua ubaya wa tendo lake. Kenya mwaka 2022 walipandisha umri huo kutoka 8 hata 12, na Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto mwaka 2019 ilihimiza usipungue 14. Yafaa nasi tuombe upandishwe.

Labda mtu atasema, "Mwizi wa kahawa ni mwizi tu." Kweli, aliyeibiwa ameumia, na mtoto hana budi kukiri na kurudisha. Lakini mti mchanga uliopinda hunyoshwa kwa kamba, haukatwi kwa shoka.

Tena mpaka huu hauna nguvu kama umri haujulikani. Kijana wa miaka 17 aliyeota ndevu, asiye na cheti cha kuzaliwa, ni rahisi kuandikwa kuwa mtu mzima, akatiwa pamoja na wahalifu wakubwa. Walimu na wainjilisti wa Igogwe na Rungwe yote, ninyi mwatunza kitabu cha ubatizo, chenye siku ya kuzaliwa kwake. Akikamatwa mtoto wa usharika, msingoje kuitwa. Chukueni kitabu, mwende pamoja na mzazi. Wala msipunguze hata mwaka mmoja kwa huruma, kwa maana uongo mmoja utaharibu ushuhuda wa kitabu chote.

Mtoto huyo tulimpokea mbele ya kisima cha ubatizo, tukaahidi kumlea. Ahadi hiyo haivunjiki mlangoni pa kituo cha polisi. Bwana atupe moyo wa kumfuata hata huko. Amina.