Maji ya Kunawa Mikono

Maji yaweza kuondoa nini? Matope huondoka, masizi ya chungu huondoka. Na kosa je?

Shakespeare, Mwingereza mtunzi wa michezo ya kuigiza, alilitia swali hili katika mchezo uitwao Macbeth, yapata mwaka 1606. Macbeth ni jemadari hodari. Mfalme wake, Duncan, anakuja kulala kwake kama mgeni, naye anamwua usiku ili atwae ufalme. Mke wake ndiye anayemchochea.

Tuangalie mifano ya mtunzi, maana hairudii bure. Wa kwanza ni nguo. Heshima mpya za Macbeth zinafananishwa na vazi la kuazima. Mwishowe wanamwona kama mwizi mfupi aliyevaa joho la jitu, nalo linampwaya. Mwaka 1935 bibi mmoja mtaalamu, Caroline Spurgeon, alionyesha jinsi mfano huu unavyorudi tena na tena. Basi, cheo cha wizi hakimkuzi mtu. Chaonyesha udogo wake tu.

Mfano wa pili ni damu na maji. Usiku ule mume anaogopa kwamba hata bahari nzima haitasafisha mikono yake. Mke anamkemea: maji kidogo yatosha. Kumbe, baadaye ni yeye anayetembea usingizini na taa yake, akisugua mikono isiyo na doa tena. Daktari anayemtazama anakiri kwamba mama huyu anahitaji mtu wa Mungu kuliko mganga.

Wengine watasema: Ameteseka, na mateso yake yatosha. Sisi twasema, hapana. Mfalme Daudi naye alikuwa na damu ya Uria mikononi, naye aliomba kuoshwa. Lakini Daudi aliungama, akamwomba Mungu amwoshe. Pilato na bibi huyu walitaka kujiosha wenyewe. Maumivu ya dhamiri ni mlango, siyo nyumba. Anayesimama mlangoni bila kuingia atanyeshewa mpaka asubuhi.

Nasi, ndugu wasomaji, tujiulize: tumevaa vazi la nani? Shamba la mjane? Mshahara wa mwenzetu? Sifa ya kazi aliyoifanya mwingine? Tusisugue mikono gizani. Tumrudishie mwenyewe kilicho chake, tukapige magoti katika kitubio. Huko ndiko maji yaliko.