Maradhi ya Sukari na Sinia Zetu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, kila uingiapo mwezi wa Shaaban sisi wa darasa hii huulizwa suala moja, nalo hutujia kwa sura mbili. Mwenye maradhi huuliza: "Mimi nina sukari, na daktari amenikataza kufunga. Je, nikila sitakuwa nimeuvunja mwezi?" Na jamaa zake huuliza: "Tumfanyeje mzee wetu ambaye hamsikii daktari wala hatusikii sisi?"

Jawabu tutalitoa, inshaallah. Lakini suala hili halikuanzia kwenye saumu. Limeanzia jikoni na kwenye sinia, miezi kumi na mmoja kabla ya Ramadhani, na mwenye kutaka kulitatua hana budi aanzie huko.

Kwanza yatupasa tuyajue maradhi yenyewe, kwa kuwa watu wengi huyataja na wachache huyafahamu. Chakula cha wanga na cha utamu, kiwe ni wali, mkate, muhogo, viazi au tende, kikishuka tumboni husagwa kikawa sukari, na sukari hiyo ikaingia katika damu. Hiyo ndiyo kuni ya mwili. Lakini haiwezi kutoka katika damu ikaingia katika nyama za mwili mpaka ifunguliwe mlango, na ufunguo wake ni homoni iitwayo insulini, itokayo katika kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo. Wako watu ambao kongosho yao imeacha kutoa insulini. Hao hawaishi ila kwa sindano. Na walio wengi, zaidi ya tisa katika kila wagonjwa kumi, ufunguo wanao, lakini kufuli imekuwa nzito. Kongosho hujitahidi, hujitahidi, hata ikachoka. Na yanayoitia uzito kufuli hiyo ni unene, khasa mafuta ya kiunoni, na kukaa bila ya harakati, na asili ya ukoo.

Sukari ikikithiri katika damu ikadumu, huharibu mishipa. Huanza na ile midogo ya macho, hata mtu akapofuka. Na ya figo, hata akasafishwa damu kwa mashine. Na ya fahamu, hata akakanyaga msumari asihisi, kidonda kikaoza na mguu ukakatwa. Na mishipa mikubwa ikiharibika, hapo ndipo penye maradhi ya moyo na kiharusi. Na ubaya wake mkubwa ni kuwa maradhi haya hayapigi hodi. Mtu aweza kukaa nayo miaka asijue, akidhani kiu yake ni ya joto na uchovu wake ni wa uzee. Basi asiyepima hajui. Akipimwa asubuhi kabla ya kula, na ikaonekana 7.0 au zaidi kwa kipimo kitumikacho hapa kwetu, na kipimo kikarudiwa kikasema hivyo hivyo, huyo ana maradhi ya sukari.

Wala haya si mambo ya kigeni kwa wanavyuoni wetu. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu na mwanachuoni aliyefariki mwaka 1231, aliandika risala khasa juu ya maradhi haya. Na dawa iliyokuwa imefichika miaka yote hiyo ilifunuliwa katika mji wa Toronto mwaka 1921, na mwezi wa Januari 1922 kijana mmoja akadungwa insulini kwa mara ya kwanza. Kabla ya siku hizo mtoto aliyekosa insulini alikuwa ni mtoto wa kungojewa afe. Mtume (S.A.W.) ametujulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila aliyateremshia na dawa. Basi dawa ikionekana, kuikataa si uchaji Mungu.

Twasema haya kwa sababu wako wanaomwachisha mgonjwa sindano wakamnywesha kombe, au wakamuuzia mizizi kwenye chupa wakamwambia, "Ukimaliza hii umepona." Na wako wasemao, "Ni kadari ya Mungu, tutafanyaje?" Hao tunawakumbusha khabari ya Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akienda Sham, akasikia kuwa huko kuna tauni, akarejea na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Dua ni ibada, wala hatumkatazi mtu kuomba. Lakini aombe naye amekwisha kumeza dawa yake.

Sasa natuje kwenye sinia. Mwezi wa Ramadhani uliwekwa tupungukiwe. Tazameni tunavyoupokea! Magharibi ikiingia, sinia huja na kaimati zilizogaagaa katika shira, na vibibi, na tambi za sukari, na matobosha ya nazi, na viazi vya karai, na sambusa, na sharbati kwa jagi. Baada ya Isha huja wali wenyewe. Na usiku wa daku huja tena mahamri na chai tamu. Mtu hufunga saa kumi na tatu, akala saa tisa! Kisha hushangaa kuwa mwezi wa kujinyima umemwacha mnene kuliko ulivyomkuta.

Natuhesabu kidogo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2015 kuwa sukari ya kutiwa, pamoja na ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu tunazopata kwa chakula, na kwamba ni bora zaidi ikipunguzwa hadi nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima, ndivyo vijiko sita vidogo kwa siku nzima. Chupa moja ya soda ya mililita 300 hukaribia gramu 30. Basi mwenye kufuturu kwa soda amekwisha kuupita mpaka huo kabla hajainyosheā kaimati mkono.

Na wako wanaojiona wamesalimika. Mmoja husema, "Mimi sitii sukari katika chai," na mbele yake pana sahani ya wali wa nazi iliyofurika. Huyo hajui kuwa wali nao huwa sukari, na mchele uliokobolewa huwa sukari kwa upesi. Mwingine husema, "Asali ni shifaa, na tende ni suna." Kweli kabisa. Lakini asali sehemu nne katika tano ni sukari, na tende kavu ni kiasi cha thuluthi mbili. Suna ya tende ni kufungulia, nayo yatimia kwa tende tatu, hata kwa moja. Hatukupata kusoma kuwa Mtume (S.A.W.) alifungulia kwa sahani nzima ya tende, juu yake kaimati.

Na chakula chake mwenyewe kilikuwaje? Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Sahl bin Saad (R.A.) aliulizwa kama Mtume alipata kula mkate wa unga mweupe. Akajibu kuwa hakuuona tangu alipopewa utume mpaka alipofariki. Akaulizwa juu ya chekeche, akasema hazikuwapo: walikuwa wakisaga shayiri, wakaipuliza, makapi yakaruka yatakayoruka, na yaliyosalia wakayatia maji wakala. Leo matabibu wanatuambia kuwa kumbi hilo la nafaka tunalolitupa ndilo lenye nyuzinyuzi ziichelewayo sukari isikimbilie damu, na ziushibishao mwili kwa chakula kidogo. Na wazee wetu wa pwani nao walikuwa na mtama, na mawele, na kunde, na pojo, na mchicha, na samaki. Vitu hivi havikutoweka sokoni. Vimetoweka katika sinia kwa kuonekana ni vya kimasikini.

Na hapa tunafika kwenye neno tulilolikusudia khasa. Mgonjwa wa sukari hauawi na sukari peke yake. Huuawa na nyumba yake, na jirani zake, na karamu zao. Anapoalikwa arusini akapunguza wali, huambiwa, "Mjomba, hukukipenda chakula chetu?" Akikataa halwa, huambiwa, "Kipande kimoja hakidhuru." Akienda nyumba ya pili, kipande kimoja, na ya tatu, kipande kimoja. Naye kwa kuona haya hula, ili asimvunje mtu moyo. Sisi hatuuiti huu ukarimu. Ukarimu ni kumpa mgeni kimfaacho. Mwenye kumshurutisha mgonjwa ale kimdhuruacho amejikirimu nafsi yake, apate kusifiwa mkono wake wa upishi au wingi wa sinia zake.

Na nyumbani nako aghalabu hupatikana mambo mawili, yote ni mabaya. Ama hupikwa chungu kimoja cha vitu vyote vilivyokatazwa, mgonjwa akaambiwa, "Jizuie." Ama hupikiwa chungu chake kidogo kando, akala peke yake pembeni kama mfungwa, na huku akinusa biriani ya wenzake. Ni nani atakayesubiri hivyo miaka ishirini? Dawa ni rahisi nayo ni moja: chakula kimfaacho mwenye sukari ndicho kimfaacho asiyekuwa nayo. Nusu ya sahani iwe ni mboga za majani na kachumbari; robo yake samaki, kuku au maharagwe; na robo iliyosalia wali au mkate, na bora uwe ni wa nafaka isiyokobolewa. Hapo mgonjwa atakula sinia moja na watoto wake, na watoto wenye damu ya ukoo huo watakingika wasimrithi.

Wala mzigo huu asitupiwe mama wa nyumba peke yake. Mwanamume ndiye anayeleta kilo za sukari na madebe ya mafuta, na ndiye anayenuna akikosa sambusa. Abadilike anayenunua na anayepika, na anayekula ashukuru. Na tukumbuke agizo la Mtume (S.A.W.) kuwa matonge machache ya kuusimamisha mgongo yamtosha mwanadamu, na kama hapana budi, basi thuluthi iwe ya chakula, thuluthi ya maji, na thuluthi ya pumzi. Kisha tutembee. Wazee wetu walikwenda msikitini kwa miguu. Leo mtu hupanda tuktuk kwenda msikiti anaousikia adhana yake. Nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano katika juma, huilegeza ile kufuli tuliyoitaja.

Sasa lile suala. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Baqara amemruhusu mgonjwa kula, akalipa siku nyingine, na akabainisha kuwa atutakia mepesi wala hatutakii mazito. Rukhsa hii haikutolewa na daktari; daktari anaeleza tu kama mtu huyu ni katika waliopewa. Mwenye sukari aliyeambiwa na tabibu mwaminifu kuwa saumu itamdhuru, na ale, wala hakuvunja mwezi: amemtii aliyeuweka mwezi. Ikiwa maradhi yake hayatarajiwi kumwachia nafasi ya kulipa, atatoa kwa kila siku kibaba kimoja cha chakula cha mji kumpa masikini.

Na si kila mwenye sukari hawezi kufunga. Wengi wa wanaotumia vidonge huweza, kwa sharti waende kwa daktari mwezi mmoja au miwili kabla, apange upya dawa na saa zake. Asijipangie mwenyewe, kwani mwenye kudunga insulini kisha asile huweza kuanguka. Akifunga, ale daku karibu na alfajiri, na apime damu yake mchana. Kupima huko hakuharibu saumu: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah iliamua mwaka 1997 kuwa kutolewa damu ya kupimwa, na sindano ya dawa isiyokuwa ya kulisha, havifunguzi. Akiona sukari imeshuka chini ya 3.9, au imepanda kupita 16.6, au akitoka jasho la baridi, akatetemeka na kuchanganyikiwa, na afungue papo hapo, hata kama imesalia robo saa kuadhiniwa. Aliyeshukiwa na sukari na anywe kitu kitamu mara moja.

Na ninyi msiokuwa wagonjwa, zizuieni ndimi zenu. Amepokea Abu Daud khabari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu, wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata khabari alighadhibika, akasema kuwa hao wamemuua, na kwamba waliokuwa hawajui ilikuwapasa waulize. Wale hawakushika upanga. Walitoa fatwa tu! Basi atakayemwona mzee anakunywa maji mchana wa Ramadhani, asimwambie, "Hata wewe?" Huenda neno hilo likamfanya kesho afunge, na kesho kutwa azikwe.

Mwili huu si mali yetu. Abdullah bin Amr (R.A.) alipojikalifisha kufunga kila siku na kusimama kila usiku, Mtume (S.A.W.) alimjulisha kuwa mwili wake nao una haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe haikuachiwa iuangamize mwili, kaimati zitaachiwaje?

Basi kabla ya mwezi kuandama, aliyepita miaka arubaini, au mwenye mzazi mwenye sukari, na aende akapime. Mwenye nyumba na azungumze na ahali yake juu ya sinia. Na mwenye kualika na amwambie mgeni wake, "Kula kikufaacho," kisha anyamaze.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na aturuzuku kinaa katika vyakula vyetu, na atufikishe Ramadhani tukiwa na afya ya kumwabudu. Amin.