Kuficha si Kusitiri

Ukurasa wa daftari la sanaa huanza na taka. Risiti ya supamaketi, tikiti ya matatu ya Kitale kwenda Bungoma, pakiti tupu ya mbegu za mahindi, kipande cha kitenge ambacho fundi alikuwa anakitupa, gazeti la juzi. Unavibandika kwa gundi nyeupe ile ya mafundi wa mbao, umeizimua kwa maji kidogo. Vikikauka unapitisha rangi nyeupe ya ukutani, nyepesi, maandishi yabaki yakichungulia. Juu ya nyeupe unaweka rangi nyingine, juu ya rangi picha, juu ya picha maneno yako kwa kalamu nyeusi. Tabaka la tano au la sita ndilo utakalopiga picha uweke Instagram. Yale ya chini utayajua wewe tu.

Sasa swali langu ni hili. Kile kilicho chini, umekifanya nini? Umekihifadhi, umekificha, ama umekizika? Na kabla hujakigusa, kilikuwa chako?

Najua linasikika kama swali la mtu asiye na kazi. Ni karatasi tu, si ndiyo? Lakini kuna karatasi na karatasi, na nadhani mchezo huu wa gundi na makasi unatufundisha jambo ambalo tunalihitaji hata tukiwa mbali na daftari.

Kwanza tusidanganyane kwamba tabaka juu ya tabaka ni kitu kilichotoka YouTube. Ingia kwenye nyumba ya udongo ya zamani huku magharibi uangalie ukuta. Magazeti yamebandikwa kwa uji wa unga kutoka chini hadi karibu na paa. Yalizuia vumbi na upepo, yakaongeza mwanga wa koroboi. Karatasi ikichakaa, inabandikwa mpya juu ya ile ya zamani. Kalenda ya duka la mbolea inakaa juu ya tangazo la kazi, tangazo juu ya uso wa waziri aliyebandikwa kichwa chini, miguu juu. Kuna watu wazima leo ambao walijifunza kusoma kwenye ukuta kama huo, shingo imepinda. Ukiubandua polepole, unapata miaka kwa mpangilio wake, kama pete za mti.

Hakuna aliyemwomba waziri ruhusa, na hakuna aliyemkosea. Gazeti lile lilikuwa limeshamaliza kazi yake. Lilisomwa, likauzwa kwa kilo, likafunga nyama, lililobaki likapanda ukutani. Hapo tunapata jibu la kwanza: karatasi iliyomaliza kazi yake ni ya yeyote mwenye gundi. Shida ni karatasi ambayo bado iko kazini.

Hata ile nyeupe, isiyoandikwa kitu, ina yaliyo chini yake. Ukitoka Kitale kwa barabara ya Kiminini, ukapita Kamukuywa na Misikhu, unafika Webuye, mji uliojulikana kwa kiwanda cha karatasi. Kwa miaka mingi karatasi nyingi za Kenya zilitoka hapo, kando ya Nzoia. Waliokulia Webuye watakusimulia harufu, na mabati yaliyokula kutu mapema. Watakusimulia pia ajira, na jinsi mji ulivyonyamaza kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, kabla mmiliki mpya hajakichukua mwaka 2016. Mtoto aliyefungua daftari jipya Nairobi hakuona lolote kati ya hayo. Aliona weupe. Weupe nao ni tabaka.

Kwa hivyo tusiulize kama ni vibaya kufunika. Kila kitu kinafunika kingine. Tuulize kufunika kwa namna gani, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa sababu kina maneno mawili ambayo tunayachanganya. Kuna kuficha, na kuna kusitiri.

Mwizi anaficha. Mtu akimvisha nguo aliye uchi, anamsitiri. Kule Pwani wanasema mtu amesitirika akipata nguo, akipata nyumba, akipata ndoa ya heshima. Hata maiti husitiriwa, maana yake huzikwa kwa adabu. Kwa macho, vitendo viwili hivi vinafanana kabisa: kitu kilikuwa kinaonekana, sasa hakionekani. Tofauti yake ni nani anayelindwa. Anayeficha anajilinda mwenyewe. Anayesitiri anamlinda yule aliyefunikwa.

Shika kipimo hicho, kisha tufungue madaftari mawili matatu.

La kwanza ni la Dan Eldon, ambaye wengi wanaopenda sanaa hii wamewahi kusikia jina lake. Alizaliwa London mwaka 1970, akaletwa Nairobi akiwa mtoto, akakulia humo. Aliacha madaftari 17 yaliyovimba kwa picha, rangi, stempu, pesa za nchi mbalimbali na maneno juu ya maneno. Tarehe 12 Julai 1993, akiwa mpigapicha wa Reuters, aliuawa na umati wa watu wenye hasira Mogadishu, baada ya helikopta za kikosi cha Umoja wa Mataifa kushambulia nyumba moja ya mji huo. Alikuwa na miaka 22. Mwaka 1997 kurasa zake zilitolewa kama kitabu, na kitabu hicho kikawafanya vijana wengi duniani washike makasi na gundi.

Mimi nazipenda kurasa zile. Lakini ziweke mbele ya kipimo. Daftari ni mahali pa faragha, na mwenyewe hayuko tena wa kusema hili lionyeshwe, hili liachwe. Waliobaki walichagua, na naamini walichagua kwa upendo. Hata hivyo, upendo nao hubandika tabaka.

Halafu kuna tabaka jingine, ambalo halikuwekwa na mtu yeyote kwa makusudi. Siku ile hakufa peke yake. Walikufa pia Hansi Krauss wa Associated Press, na Wakenya wawili wa Reuters: Hos Maina, mpigapicha, na Anthony Macharia, mtu wa sauti. Waulize marafiki zako wangapi wanayajua majina hayo mawili ya mwisho. Hakuna aliyewaficha. Ni kwamba hawakuacha madaftari mazuri, basi hadithi ya mwenzao ikakauka juu yao. Wakati mwingine hata mtu mwema anafunika, kwa sababu tu alichoweka juu kinang'aa.

Daftari la pili halina kitabu wala maonyesho. Ni la rafiki yangu anayeuza vifaa vya simu Bungoma mjini. Kwao ni Mlima Elgon, upande wa Cheptais. Kati ya 2006 na 2008 mlima ule ulikuwa vitani kwa sababu ya ardhi. Kulikuwa na wapiganaji wa Sabaot Land Defence Force, kisha Machi 2008 serikali ikatuma wanajeshi. Mashirika ya haki za binadamu yalirekodi mauaji, mateso na watu kupotea, mikononi mwa pande zote mbili. Babake ni mmoja wa waliopotea. Yeye alikuwa na miaka sita.

Mamake ana mfuko wa plastiki ambao hauweki mbali naye. Ndani mna nakala ya kitambulisho, barua ya chifu, karatasi yenye namba iliyoandikwa kwa kalamu, na picha moja ndogo ya pasipoti. Mwaka juzi rafiki yangu aliichukua ile picha, akatengeneza ukurasa. Chini aliweka ramani ya mlima na kipande cha gunia la kahawa, akasugua udongo mwekundu wa kwao. Katikati akabandika babake. Kisha akapaka nyeupe, akapaka tena, mpaka uso ukabaki kama mtu anayeonekana kupitia ukungu wa asubuhi. Nimeuona. Ni ukurasa mzuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza.

Mamake alipouona hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ni nani amekwambia huyu ameisha?"

Binti akajibu, "Mama, ni babangu pia."

Wote wawili wana haki, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ukimpima binti kwa kile kipimo chetu, anapita. Hakuficha. Hakuwa anajilinda dhidi ya mtu yeyote. Alimfanyia babake kile ambacho hakuna aliyepata nafasi ya kumfanyia: alimsitiri, kwa udongo wa nyumbani na kitambaa cheupe cha rangi. Lakini mwili hausitiriwi kabla kifo hakijakubaliwa. Kwa mama, kufunika uso ule ilikuwa ni kutoa hukumu ambayo hakuna mahakama iliyoitoa. Kesi ya mambo ya mlima ule ilipelekwa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, na mwaka 2012 kitengo cha rufaa kikasema imefikishwa muda ukiwa umepita. Ukisikia hivyo, unaelewa kwa nini mama anashikilia mfuko. Picha ile ndogo haijamaliza kazi. Ndiyo anayoitoa kila kikao, kila mara wageni wenye kalamu wanapofika kuuliza majina. Ni ushahidi, na ushahidi haukai chini ya rangi.

Walipeleka daftari studio moja ya picha, kijana wa pale akajaribu kuuokoa uso kwa kompyuta. Picha anayobeba mama siku hizi ina ukungu mweupe kwenye shavu la kushoto.

Kwa hivyo kipimo changu kinahitaji nyongeza. Kusitiri ni tendo jema, lakini lina wenyewe, na lina wakati wake. Mtu mmoja hawezi kufunga jambo ambalo bado liko wazi kwa mwingine, hata kama anapenda kwa moyo wote, hata kama damu ni yake.

Hapa kuna mtu ananiambia: basi wewe unaua sanaa. Msanii akiomba ruhusa kwa kila kipande, atabaki kuchora maua. Ana hoja, na jibu lake tutalipata kwa Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi ambaye kolaji zake zimezunguka dunia. Katika mfululizo mmoja wa kazi zake alichukua michoro ya zamani ya kitabibu kuhusu magonjwa ya wanawake, akabandika juu yake vipande vya majarida mpaka zikatokea nyuso, zenye macho yanayokutazama. Hakuna aliyeombwa ruhusa pale, na sioni aliyeonewa. Michoro ile ilikuwa imemfunika mwanamke tayari, ikamgeuza kiungo na ugonjwa. Yeye akafunika kilichofunika. Mtu akatokea.

Ndiyo maana sisemi uombe ruhusa kwa kila kitu. Waziri, kampuni, jarida la mitindo, tangazo la kamari lenye kijana anayecheka: kata, geuza, paka rangi, wana sauti ya kutosha. Angalia mizani inalalia wapi. Mama mboga uliyempiga picha soko la Chwele bila yeye kujua hana ukurasa wa kukujibu. Programu ya mazishi uliyopewa pamoja na mamia ya waombolezaji ni yako kuitunza, na ukiikata hujamnyang'anya mtu. Lakini barua pekee aliyoandika shosho yako si yako peke yako. Kuna binamu ambao hujawauliza. Fotokopi ni shilingi 10. Acha asili ikae kwenye mfuko, wewe ucheze na kivuli chake.

Na mambo yako mwenyewe je? Zile kurasa za ukiwa fomu tatu, mashairi ya mapenzi, siku uliyoandika kwamba maisha hayana maana? Zifunike ukitaka. Mtu ana haki ya kumsitiri yule kijana aliyekuwa, kumvisha rangi asitembee uchi mbele ya watu. Isipokuwa kama ukurasa ule una jina la mtu mwingine na kile ulichomfanyia. Huo ukiupaka nyeupe, usijiambie ni sanaa. Nani analindwa hapo?

Kuna tabia moja ninayoipenda kwa baadhi ya wanaotengeneza kurasa hizi: hawafuniki mpaka ukingoni. Wanaacha kona ya gazeti, mstari wa mwandiko, robo ya stempu. Wengine huandika nyuma ya ukurasa kwa penseli kilicho chini: jina, mwaka, kilitoka wapi. Tabaka la juu linapata uzuri wake, na la chini halinyimwi ushahidi wake. Atakayekuja baadaye atajua pa kuanzia kubandua.

Gundi nyeupe haishiki papo hapo. Inakupa dakika chache ambazo karatasi bado inateleza chini ya kidole, unaweza kuisogeza, unaweza hata kuiondoa bila kuichana. Ni muda mfupi, lakini unatosha kuuliza ninamfunika nani, na kwa ajili ya nani.