Je, Moyo Mwema Watosha?

Njia itokayo milima ya Masisi hupita Sake, kisha Mubambiro, mpaka Goma. Kila aliyeipita amewaona vijana na chukudu zao za mbao, zimejaa makaa au viazi. Mmoja akianguka na kuumia kiwiko, huitwa mama wa jirani anayejua kukanda. Huja na maji ya moto na mafuta, wala hadai hata franga moja.

Mama huyo twamsifu. Lakini twajiuliza: je, moyo mwema watosha kumpa mtu ruhusa ya kushika mwili wa mwenzake?

Tutazame mambo yenyewe. Mgongo uliokazwa na kazi hulegea ukikandwa. Bali kiwiko kilichoumia juzi, kikikandwa kwa nguvu, chaweza kuota mfupa ndani ya nyama, mkono usikunjike tena. Mguu uliovimba pengine una damu iliyoganda katika mshipa. Ukikandwa, donge laweza kung’oka na kwenda mapafuni, mtu akafa. Mambo hayo huruma peke yake haiyajui.

Ndiyo sababu kazi hii husomewa. Huko Japani, ambako tangu zamani vipofu wengi wameishi kwa kukanda, hakuna apewaye cheti cha serikali asiposoma miaka mitatu na kushinda mtihani. Na huko Moshi, katika Tanzania, hospitali ya KCMC hufundisha watu kazi ya kunyosha na kuzoeza viungo.

Wengine watasema, “Bibi zetu hawakuwa na cheti.” Kweli, na mwenye cheti asiwadharau. Lakini bibi naye hakuanza peke yake. Alikaa miaka kando ya mama yake, akitazama na kuonywa. Hayo nayo yalikuwa mafunzo.

Tumkumbuke Msamaria mwema. Alifunga majeraha kwa mafuta na divai. Kisha akamfikisha mgonjwa kwa mwingine, akalipa gharama. Hakuona haya kuona mwisho wa uwezo wake.

Basi kujifunza ni sehemu ya upendo, na somo lake gumu ni kusema, “Hapa sigusi, mpelekeni hospitali.” Mama wa kijiji akisema hivyo, tusimcheke wala tusimwite mwoga. Afadhali sisi majirani tuchange nauli, mgonjwa afike mapema.