Shamba la Anathothi

Katika makanisa mengi ya kwetu, mtu mwenye imani kubwa ni yule anayejua mambo yatakavyoisha. Anakiri kwamba mgonjwa amekwisha kupona na kazi imekwisha kupatikana; anayeuliza itakuwaje mambo yakienda kinyume huonekana ana shaka, na pengine huambiwa kwamba shaka hiyo ndiyo inayomzuilia muujiza wake. Fikra hii inachanganya kumtumaini Mungu na kujua atakachokifanya. Aliyelipwa taslimu hana haja ya kumwamini mdaiwa, na anayejua mwisho wa jambo hana anachobaki kukitumainia. Maandiko yenyewe yanavitenganisha vitu hivyo viwili, na hilo linaonekana vizuri zaidi katika habari ya ununuzi wa shamba kuliko katika habari nyingi za ushindi.

Ulikuwa mwaka wa 10 wa Sedekia, mfalme wa Yuda. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, na nabii Yeremia alikuwa kifungoni katika uwanda wa walinzi kwa sababu alitabiri kwamba mji utaanguka. Akaja Hanameli, mtoto wa ami yake, kumtaka anunue shamba la Anathothi kwa haki ya ukombozi wa jamaa. Anathothi ni kilomita chache tu kutoka Yerusalemu. Mwenye akili ya biashara asingeigusa ardhi ya huko wakati adui amekwisha kuuzunguka mji. Yeremia alinunua. Alipima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, akatia sahihi na muhuri, akaita mashahidi, kisha akamwagiza mwandishi wake Baruku aziweke hati zote mbili, ile ya muhuri na ile ya wazi, ndani ya chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Baada ya kulipa, wala si kabla, ndipo alipoomba. Sala yake inaanza kwa sifa, lakini inaishia kwa mshangao: anamkumbusha Mungu kwamba maboma ya wazingiraji yamekwisha kuufikia mji, na hata hivyo yeye ameambiwa anunue ardhi. Utii ulitangulia, na swali likabaki palepale.

Mtu mwenye uhakika naye yumo katika kitabu hichohicho. Mwaka wa 4 wa Sedekia, nabii Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka watarudi kutoka Babeli, kisha akaivunja nira aliyoivaa Yeremia shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli. Jibu la kwanza la Yeremia lilikuwa amina. Alitamani iwe hivyo. Hanania alikuwa na muda maalumu, ishara na hadhira. Alichokikosa ni ukweli. Mtu ataniambia kwamba hata Yeremia alikuwa na ahadi na muda wake, miaka 70, kwa hiyo naye alijua. Ni kweli, lakini huo ni muda usiomfaa lolote mtu mzima anayeusikia. Mara ya mwisho tunapomwona, Yeremia yuko Misri, alikopelekwa pamoja na mabaki ya Yuda walioukataa ushauri wake, na hakuna mstari unaosema kwamba aliwahi kulilima shamba lile. Alijua kwamba Mungu hajawaacha watu wake. Nafuu yake mwenyewe hakuahidiwa itakuja lini.

Wengine wanahofu kwamba tumaini la namna hii huzaa uzembe: mtu anaacha dawa, anasubiri. Mizani, muhuri na mashahidi wa Anathothi vinatosha kuwajibu.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew, mwaka 1950. Muumini husema Mungu anatupenda kama baba. Mtoto anapokufa kwa saratani ya koo, kauli hiyo hupunguzwa makali kidogo kidogo hadi haisemi kitu. Kama hakuna tukio lolote linaloweza kuipinga, inadai nini? Mwanafalsafa mwenzake, Basil Mitchell, alimjibu kwa mfano wa mpiganaji wa siri katika nchi iliyotekwa. Usiku mmoja anakutana na mgeni, wanazungumza hadi anasadiki kwamba mgeni huyo yuko upande wao. Baadaye anamwona mara akiwasaidia wapiganaji, mara akiwakabidhi kwa adui. Haachi kumwamini, lakini hakatai kwamba anayoyaona yanapingana na imani yake. Mpiganaji huyo huwaambia wenzake kwamba mgeni anajua anachokifanya, na Mitchell mwenyewe aliona hatari ya kauli kama hiyo kugeuka maneno matupu. Sisi tunaisikia matangani: kazi ya Mungu haina makosa. Wanaomtumaini Mungu katika Biblia hawaishii hapo. Wanamgeukia mgeni mwenyewe na kumlalamikia. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani bila faraja yoyote, na bado ikawekwa miongoni mwa nyimbo za ibada. Imani isiyoguswa na matukio isingekuwa na sababu ya kulia hivyo.

Wala malalamiko hayo hayavumiliwi tu. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba wakiwa kimya, na sioni walichokifanya vizuri zaidi ya hapo. Walipofungua vinywa walimtetea Mungu kwa hoja safi, ilhali Ayubu alidai kusikilizwa kama mtu aliye na kesi. Mwishoni Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili, na kusema kwamba hawakunena sawasawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Hata hivyo Ayubu haambiwi kamwe yaliyozungumzwa mbinguni katika sura ya kwanza. Anapewa watoto wengine kumi, na wale kumi wa kwanza hawarudi. Kumtumaini Mungu kunamwezesha aliyebaki kulipia shamba na kuendelea kuuliza; kwa nini wale kumi walikufa, hakuelezi, na anayekutumia kama maelezo mbele ya wafiwa anarudia kazi ya Elifazi.