Siri ya Mlenda

Nilikikuta kwenye meza ya vitabu vya mitumba, jalada limekunjamana, kurasa za mwisho zina doa la chai. Nilikuwa na safari ya basi ya kutwa nzima, nikakichukua: Can You Keep a Secret? cha Mwingereza Sophie Kinsella, kilichotoka mwaka 2003.

Emma Corrigan, mfanyakazi wa ngazi ya chini London, anarudi kwa ndege kutoka Glasgow. Kikao kimemwendea kombo. Ndege inaanza kuyumba, binti anaona kifo hiki hapa, na mdomo unafunguka wenyewe. Abiria wa pembeni anamwagiwa yote: uzito wake halisi, alama ya hesabu aliyoipamba wakati wa kuomba kazi, ua la mwenzake wa ofisini analolimwagilia juisi ya machungwa kila akiudhiwa. Ndege inatua salama. Kisha tajiri mwenye kampuni, Jack Harper, anazuru ofisi yao, naye ni yule yule wa kwenye ndege. Nilicheka hadi kondakta akageuka.

Wapo wanaoziita riwaya hizi za kupotezea muda. Wanakosea. Jack anamjua Emma mpaka uvunguni, lakini Emma akimuuliza lake, anapigwa chenga. Halafu bwana huyo anaketi mbele ya kamera za televisheni na kuyaanika ya binti wa watu, tena akidhani anamsifu! Aibu ile si kitu. Kilichoniuma ni kwamba mmoja yuko uchi na mwenzake kavaa koti. (Jack naye ana lake, sikutobolei.)

Kinsella mwenyewe alikuwa Madeleine Wickham. Alikwisha kuchapisha riwaya kadhaa kwa jina hilo alipowapelekea wachapishaji wake hadithi ya mwanamke mraibu wa kununua vitu, bila kuwaambia ni yeye. Jina lake halisi lilikuja kutajwa hadharani kitabu hiki cha siri kilipotoka. Mwaka 2022 aligundulika na saratani ya ubongo, akanyamaza hadi Aprili 2024 ili wanawe waizoee kwanza habari hiyo. Alifariki Desemba 2025. Kunyamaza kule siwezi kukuita uongo.

Kwangu je? Wakati wa uchumba nilikaribishwa ukweni Dodoma, ugali wa uwele na mlenda. Nikausifu mlenda mbele ya mama mkwe hadi nikaongezewa bakuli. Siupendi. Ule utelezi unanishinda kooni. Ni mwaka wa 11 sasa, kila nikirudi safari napikiwa "chakula chako".

Usiku niliporudi kutoka safari ile ya basi nilimsimulia mke wangu habari za Emma. Akacheka mpaka machozi, kisha akanitazama.

"Na wewe, baba watoto, ndege ikiyumba ungesema nini?"

Nikatazama bakuli. Lilikuwa limejaa, uzi wa kijani ukining'inia kwenye upawa.

"Mimi? Sina la kusema," nikajibu, nikamega tonge.

Akatabasamu, akaniongeza.